Kuogelea, baiskeli na mbio ndefu siku moja: namna ya kujiandaa ukiwa Dodoma

Mbukwenyi wapendwa. Tangu nirudi kutoka kwenye mashindano ya triathloni kule Rubavu, Rwanda, kila anayeniona sokoni au kazini ananiuliza swali lilelile, mwalimu ulijiandaaje na sisi hapa Dodoma maji yenyewe ya kuogelea hamna, kwa hiyo nimeamua niandike yote sehemu moja ili mwenye nia asianze kwa kupapasa kama nilivyoanza mimi.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Triathloni ya masafa marefu unaogelea, unapanda baiskeli, alafu unakimbia, yote mfululizo na saa haisimami hata ukiwa unafunga kamba za viatu. Mimi nilifanya Ironman 70.3 ya Rwanda, pale Rubavu Ziwa Kivu, mwezi wa 8. Kuogelea kilometa 1.9, baiskeli kilometa 90, mbio kilometa 21.1, hiyo 70.3 ni jumla yake kwa maili. Na hiyo wanaiita nusu, maana ile kamili ni kilometa 3.8 majini, 180 za baiskeli na marathoni nzima ya 42.2 juu yake, ilianzia Hawaii mwaka 1978, walianza watu 15 wakamaliza 12. Nina miaka 38, nina watoto wawili, nafundisha sekondari, sijawahi kuwa mwanariadha wa kitu chochote, na nilimaliza kwa saa 7 na dakika 21. Kwa kawaida nusu wanakupa saa 8 na nusu kumaliza, na kila kipande kina mwisho wake, majini saa 1 na dakika 10. Kwa hiyo mtu wa kawaida mwenye kazi na familia anaweza kabisa, nasema kwa moyo wote, ila awe na miezi sita na asidanganye mazoezi.

Kabla ya yote nenda kapime. Presha, sukari, moyo. Usiseme mi nakimbiaga kila siku sina shida, nenda tu, ukishaambiwa uko sawa unafanya mazoezi na akili imetulia.

Sasa maji, maana hapo ndo watu wa huku tunaogopa. Mi nimejifunza kuogelea nina miaka 36 kwenye puli ya hoteli, na puli nyingi za hoteli hapa mjini ni fupi, ile ninayoenda ina mita 20, maana yake kilometa 1.9 ni kwenda mara 95. Ukiwa unahesabu lazima utapotea, mi nilikuwa nagawa mafungu, mara kumi, pumzi kidogo, mara kumi tena. Usiende Jumamosi wala Jumapili, puli imejaa watoto wanarukaruka utarudi na hasira, nenda Jumanne na Alhamisi asubuhi mapema kabla ya kazi, ongea na wale wahudumu vizuri watakufungulia. Dada zangu mnaoniuliza kuhusu mavazi, zipo nguo za kuogelea za mikono mirefu na suruali ndefu, zinabana hazivuti maji, vaeni hizo muwe na amani, hata kwenye mashindano nilikutana na waliovaa hivyo.

Kitu kikubwa kwenye kuogelea ni kutoa hewa. Wanaoanza wengi tunabana pumzi kichwa kikiwa ndani, alafu tukigeuka kuvuta hewa tunataka kutoa na kuvuta kwa mkupuo mmoja, baada ya mita 40 umekwisha. Toa hewa polepole ndani ya maji, mapovu yatoke muda wote, ukigeuza uso kazi yako iwe kuvuta tu. Fanya mazoezi ya kuvuta kulia na kushoto, kwa sababu ziwani mawimbi au jua vinaweza kuwa upande wako uliozoea. Na kwa kuwa ziwani hamna mstari mweusi chini wa kukuongoza, kila mikono minane au kumi inua macho kidogo mbele uone boya liko wapi. Jipime hivi: puli ikiwa tupu funga macho piga mikono sita alafu fungua, utajua unapinda upande gani, mimi napinda kushoto, na bila kujua hilo ningeongeza mita nyingi sana kule Kivu.

Alafu lazima, narudia lazima, uonje maji ya wazi kabla ya siku yenyewe. Msije mkaenda bwawa la Mtera jamani, kule kuna viboko na mamba, na haya malambo ya maji yaliyosimama yana hatari ya kichocho. Nilichofanya mimi ni kupanda treni ya SGR Ijumaa jioni baada ya kazi, usiku niko Dar kwa dada yangu, Jumamosi alfajiri niko baharini Kigamboni maji yakiwa yamejaa, Jumapili narudi. Nilifanya hivyo mara nne kwa miezi mitatu. Usiende peke yako hata siku moja, tafuta mtu anayeogelea baharini mara kwa mara, na fungeni kiunoni lile boya dogo la rangi kali la kuvuta, mvuvi akipita na boti akuone.

Mara ya kwanza nilienda kama mita 100 kutoka ufukweni, nikaangalia chini sioni mchanga, naona kijani tu inaishia kwenye giza, na hapohapo kifua kikafunga. Yaani hewa ipo lakini haiingii. Mikono ikaanza kupiga maji hovyo, nikasikia mwenzangu anasema, "Dada lala chali, lala chali, angalia juu." Nikageuka nikalala chali, masikio yako ndani ya maji nasikia moyo wangu unavyodunda, nikahesabu pumzi kumi, kwenye ya sita au ya saba nikaona kifua kinaachia. Nikaogelea kidogo kwa staili ya chura, kichwa nje, alafu ndo nikarudi frii staili. Hiyo ndo dawa na haibadiliki: chali, pumzi kumi, chura, frii. Kule Kivu dakika tano baada ya kuanza mtu alinipiga teke miwani ikasogea maji yakaingia jicho la kulia, kifua kikaanza kufunga vilevile, ila safari hii nilikuwa namjua huyo mgeni, nikalala chali, nikarekebisha miwani, nikahesabu, nikaendelea. Nilitoka majini dakika 52. Anza pembeni na nyuma ya kundi, utapoteza sekunde chache lakini utapata nafasi.

Baiskeli. Hamna ulazima wa ile ya mamilioni, mi nilinunua resi ya mtumba laki sita, nikaongeza matairi mapya, cheni mpya, waya za breki na giya, basi. Angalia saizi yake kuliko rangi. Ukikaa kwenye siti na kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu unyooke, ukiweka sasa sehemu ya mbele ya mguu goti litapinda kidogo, hapo siti iko sawa. Siti ikiwa chini magoti yatakuua kwenye kilometa ya 60.

Adui wa baiskeli hapa kwetu ni mbigiri. Wiki ya kwanza nilipata pancha tatu. Nikaenda kwa fundi wangu pale Majengo nimekasirika nataka anibadilishie matairi tena, akanichukulia tairi akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole gumba taratibu kuzunguka lote, akasimama sehemu moja, akachomoa kimwiba kidogo kama nusu ya punje ya mchele. Akaniambia, "Mwalimu, wewe unabadilisha tyubu unamwacha mwenye nyumba ndani." Yaani pancha zote tatu ilikuwa mbigiri mmoja. Kwa hiyo kila ukitoboka, kabla hujaweka tyubu mpya pitisha kidole ndani ya tairi lote, taratibu usijichome. Alafu alinifundisha kuchukua tyubu kuukuu, kuikata katikati kwa urefu, na kuitandika kati ya tairi na tyubu nzima, inaongeza uzito kidogo lakini nimekaa miezi miwili bila pancha. Siku ya safari niliitoa. Na usipumzike kwa kuingiza baiskeli kwenye vumbi la pembeni ya barabara, mbigiri wanakaa hukohuko. Beba tyubu mbili, pampu, vijiti vya kufungulia tairi, na ujifunze kubadilisha mwenyewe, kwa sababu mashindanoni mtu wa nje haruhusiwi kukusaidia, mume wangu angekuwepo pale pembeni na angetakiwa aniangalie tu.

Upepo wa Dodoma mnaujua, kuanzia mwezi wa 6 unapiga kutoka mashariki na kusini mashariki mpaka unaona baiskeli haiendi. Huo upepo ni mali, utumie. Anza mazoezi kwa kuelekea upepo unakotoka, upande wa Ihumwa na Mtumba, ukiwa na nguvu zako, urudi umesukumwa. Ukifanya kinyume utaenda kwa raha alafu utalia kurudi. Mi nilipendelea barabara za Mji wa Serikali Mtumba kwa sababu ni pana na asubuhi ya wikiendi hamna magari, na vipande vya barabara ya mzunguko wa nje vilivyokamilika. Ile barabara kuu ya kwenda Morogoro siishauri, malori na mabasi hayana simile, kama ni lazima basi iwe Jumapili saa 12 asubuhi mpo wawili au watatu, taa nyekundu nyuma inawaka na helmeti kichwani. Mwezi wa mwisho uwe umeshafanya kilometa 90 angalau mara mbili.

Sasa nije kwenye kitu ninachotaka mshike kuliko vyote. Watu wanafanyisha mazoezi miguu, mikono na mapafu, wanasahau tumbo. Na kinachoangusha watu wengi kwenye masafa haya ni tumbo. Mwili hauwezi kubeba nguvu ya kutosha kwa saa saba, lazima ule ukiwa unaenda, kama gramu 60 za wanga kila saa, na wengine waliozoea wanafika 90. Tumbo ambalo halijazoea kupokea sukari huku unahema litakataa, utapata kichefuchefu au utaharisha. Kwa hiyo kila Jumamosi ya baiskeli ndefu nilikuwa nafanya mazoezi ya kula, kwa saa, kengele ya saa ikilia kila dakika 20 nakula, nina njaa sina njaa nakula.

Na vyakula vyetu vinatosha kabisa. Kwenye chupa ya mililita 750 naweka vijiko vitano vya chakula vya sukari, vilivyosawazishwa juu, hiyo ni kama gramu 60, robo kijiko cha chai cha chumvi, na ubuyu mwepesi kwa ladha. Sikilizeni kwenye ubuyu: uchujwe kwa kitambaa na uwe mwepesi kama maji ya rangi. Mimi mara ya kwanza niliweka mzito kama ule wa kunywa nyumbani, nikafika kilometa ya 50 tumbo linanguruma natafuta kichaka. Mfukoni naweka zabibu kavu za hapahapa kwetu, gramu 50, yaani kama konzi moja na nusu, zinakupa karibu gramu 40 za wanga, ndizi moja ni kama gramu 25, na kijiko kikubwa cha asali gramu 17. Zabibu nilizigawa kwenye vifuko vidogo vya nailoni nikavibandika kwa selotepu kwenye bomba la juu la baiskeli, unachana kwa meno huku mkono mmoja uko kwenye usukani. Jifunze kula hivyo mapema, ukiwa kwenye mteremko na kilometa 40 kwa saa sio muda wa kujifunza.

Kuhusu maji, jua la huku ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona unadhani hujapoteza kitu. Jipime uzito kabla na baada. Mimi niliendesha saa 3, nikanywa lita moja na nusu, na bado nilirudi nimepungua kilo 2, maana yake nimepoteza kama lita tatu na nusu, zaidi ya lita moja kwa saa. Usijaribu kurudisha yote, tumbo halitapokea, ila ujue uko wapi. Na usikimbilie maji matupu peke yake kwa masaa yote hayo, unaizimua chumvi ya damu, ni hatari ya kweli, kuna watu wamekufa hivyo kwenye mbio ndefu duniani. Chumvi iwemo. Pakiti za ORS za duka la dawa zinafaa pia nilibeba mbili.

Kukimbia sitaandika sana, wengi mnakimbia tayari. Milima ya pale chuo kikuu, UDOM, inatosha kabisa, panda taratibu shuka taratibu, Jumatano jioni na Jumapili asubuhi. Ila kuna zoezi moja usiliruke: ukishuka kwenye baiskeli vaa raba hapohapo kimbia dakika 20. Miguu inakuwa kama mbao, unaona kama unakimbia na miguu ya mtu mwingine, na kasi yako huijui. Baada ya kama kilometa mbili inarudi. Ukishalizoea hili siku ya siku hushtuki.

Safari nilipanda basi, Singida, Nzega, Kahama, mpaka Rusumo pale mpakani na Rwanda, alafu Kigali na Rubavu. Pasipoti unayo, viza hatuhitaji. Baiskeli niliipaki kwenye katoni kutoka duka la baiskeli: toa tairi la mbele, punguza upepo, geuza usukani, weka selotepu kwenye bomba la siti ili ujue urefu wako, toa pedeli. Pedeli ya kushoto inafunguka kinyume, unazungusha kama unakaza, watu wengi wanaiharibu hapo kwa kulazimisha. Ukivuka Rusumo mambo mawili yanabadilika. Saa zinarudi nyuma saa moja, kwa hiyo saa 2 ya kwetu kwao ni saa 1. Na wanaendesha kulia! Kwa sisi tuliozoea kushoto hili ni la hatari kabisa. Nilifika siku tatu kabla na kila asubuhi niliendesha kidogo ili kichwa kizoee, kwa sababu hata kumpita mwenzio unampita kwa kushoto, na ukichoka akili inakurudisha ulikozoea. Kuhusu hewa msiwe na wasiwasi, Kivu iko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari na sisi tunaishi kwenye 1,100 na kitu, wanaotoka pwani ndo wanaisikia.

Siku mbili za mwisho acha maharage, mlenda na vyote vya nyuzinyuzi, kula wali, viazi, ugali wa sembe, chumvi kidogo ya ziada. Asubuhi kula masaa matatu kabla ya kuanza. Kwenye eneo la kubadilishia mavazi na vifaa, panga vitu kwa mpangilio wa kuvaa na urudie kichwani mara kumi. Helmeti funga kamba kabla hujagusa baiskeli, ukishika baiskeli kwanza ni kosa. Kwenye baiskeli kaa mita 12 nyuma ya aliye mbele au mpite moja kwa moja, kujificha upepo nyuma ya mtu hairuhusiwi. Spika na vifaa vya masikioni hairuhusiwi.

Kosa langu nitawaambia. Baiskeli ilienda vizuri, saa 3 na dakika 50, nikashuka najisikia mzima, nikaanza mbio kwa kasi ya mtu aliyelala usiku kucha, na kwa furaha ile nikaruka meza mbili za maji sikunywa sikula. Kilometa ya 14 ikanikamata. Misuli ya paja la kushoto ikakaza kama kamba ya kuanikia, macho yanaona vimulimuli. Nikatembea. Meza iliyofuata nikanywa soda ile nyeusi glasi mbili ndogo, ORS niliyokuwa nayo mfukoni, ndizi nusu, nikatembea mpaka nikahesabu nguzo tano, alafu nikaanza kukimbia kidogokidogo. Baada ya dakika kama kumi na tano nikarudi mtu. Kwa hiyo kilometa tatu za kwanza za mbio kimbia unavyoona ni polepole mno mpaka unaona aibu, na kila meza chukua kitu. Angalieni mkimbiaji wetu Alphonce Simbu wa Singida kwenye mashindano ya dunia pale Tokyo 2025, marathoni nzima alafu Mjerumani yuko mbele mpaka hatua za mwisho kabisa, akampata kwenye mstari, wote saa 2:09:48, picha ndo ikaamua. Angekuwa amezimaliza mapema hiyo hatua ya mwisho angeitoa wapi.

Ukimaliza usikae chini papo hapo. Tembea dakika kumi, vaa kitu kikavu, kunywa chenye chumvi, kula ndani ya saa moja hata kama hujisikii. Kwenye basi la kurudi omba siti ya pembeni mwa njia, na kila basi likisimama shuka utembee, mi hata Singida nilishuka nikanunua kuku wa kienyeji nikamla wote nimesimama. Baiskeli ikifika nyumbani ifungue siku hiyohiyo, ifute, cheni itie oili, kwa sababu ile sukari uliyomwaga na jasho vinakula chuma. Kukimbia nilikaa wiki mbili bila kugusa. Puli nilirudi Jumanne ya wiki ya kwanza, mara kumi tu, taratibu.